Muuza kahawa: shajara ya kumjenga mhusika anayeshikwa na mchezaji

9 Aprili

Naianza shajara hii kwa sababu kazi imefika mahali ambapo nisipoandika, baada ya mwezi sitakumbuka kwa nini niliamua nilivyoamua.

Gemu yenyewe ni ya mtu mmoja, muuza kahawa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Baada ya alasiri anatoka kwake, mkono mmoja umeshika dele, lile birika la kahawa, mkaa unawaka chini yake, mkono wa pili umeshika vikombe. Anapita vichochoro vya Kibokoni, anaingia Ndia Kuu, anaishia mbele ya Ngome ya Yesu ambako watu hukaa kupunga upepo. Isha ikiingia, dele linatakiwa liwe tupu na kila baraza iwe imepata kahawa yake. Hana upanga wala bunduki. Kinachoweza kumshinda ni kahawa kumwagika, moto kuzimika, au baraza kuvunjika kabla hajafika. Njiani kuna mikokoteni, pikipiki, watoto wanaocheza mpira, na paka, maana Mji wa Kale bila paka si Mji wa Kale.

Natumia Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, isiyolipiwa na ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu. Picha anazichora rafiki yangu jioni akitoka kazini.

Ramani iko tayari. Jua linashuka vizuri na vivuli vinarefuka. Wateja 20 wako barazani mwao, kila mmoja na saa zake. Asiyekuwapo ni mwenyewe muuza kahawa. Kwenye skrini anaonekana, anatembea, lakini ukimshika hujisikii kama umeshika kitu. Wateja niliwaweza kwa kuwa wao huendeshwa na kompyuta, na nikiwaambia waketi huketi. Huyu nusu yake haimo kwenye kompyuta yangu. Imo kwenye vidole vya mtu nisiyemjua. Kuanzia leo naandika habari zake yeye tu.

11 Aprili

Nilikuwa nimewafuata wazee wa kazi hii. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Kabla yake, kwa kawaida michezo ya vita ya mezani ilimkabidhi mchezaji jeshi. Wao wakamkabidhi mtu mmoja: huyu ndiye wewe, akifa umekufa. Na ili mtu huyo apate umbo walimpa sifa sita, nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto, kila moja ikipatikana kwa kurusha dadu tatu, kwa hiyo chini kabisa ni 3 na juu kabisa ni 18. Gemu nyingi za kompyuta zilizofuata zimerithi hesabu hiyo kwa namna moja au nyingine.

Basi na mimi nikampa muuza kahawa sifa sita. Leo mpwa wangu, ana miaka 11, aliitazama ile karatasi akaniuliza, "Mjomba, busara 14 nifanyie nini?"

Sikuwa na jibu. Pale mezani namba huwa na mtu wa kuzipa maisha, yule msimamizi wa mchezo anayesimulia, na dadu mtu huzisikia zikigonga meza. Kwangu namba zilikuwa zimekaa tu kwenye ukurasa wake, hakuna mlango uliozihitaji. Nimezifuta zote. Zimebaki hesabu mbili: kahawa iliyomo deleni na moto uliomo chini yake. Mengine yote aliyo nayo mtu huyu itabidi yaonekane akitembea.

16 Aprili

Picha. Nimempa rafiki yangu nafasi ya pikseli, vile vidoti vya picha, 16 kwa upana na 32 kwa urefu, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na nataka nyumba zionekane ndefu. Jaribio la kwanza alimvika kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Kwenye karatasi alipendeza sana. Tulipomweka kichochoroni akapotea, kanzu nyeupe mbele ya kuta zilizopakwa chokaa. Ulichoona ni uso ukielea.

Tukakumbuka habari ya Mario. Alipotokea mara ya kwanza, katika Donkey Kong ya mwaka 1981, aliitwa Jumpman, na mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alikuwa na pikseli chache sana za kumchorea. Masharubu aliwekewa ili pua ionekane bila kuhangaika na mdomo. Kofia aliwekewa kwa sababu nywele zilikuwa tabu kuchora. Ovaroli ilikuwa ya kuitenga mikono na mwili ili ikipunga ionekane. Uso unaojulikana dunia nzima ulitokana na ufinyu wa nafasi.

Kwa hiyo tumeuliza swali lile lile: katika pikseli hizi, ni kitu gani kisichoweza kukosa kuonekana? Ni dele. Sasa muuza kahawa amevaa kikoi cha mistari ya buluu, shati la rangi ya udongo, na kofia ambayo ni pikseli tano tu zenye kivuli kimoja. Rangi kali yote imewekwa kwenye shaba ya dele. Hakuna kingine kwenye skrini chenye manjano ile, si ukuta, si kanga, si tuktuk. Jicho hulifuata dele, na mtu anakuja nalo.

19 Aprili

Mvua tangu alfajiri, umeme umekatika mara nne. Hakuna kilichofanyika.

22 Aprili

Siku ndefu, na nadhani ndiyo siku muhimu kuliko zote tangu nianze.

Nilikuwa nahangaika na mwendo. Hapo awali ukibonyeza kulia anaondoka papo hapo kwa kasi yake yote, ukiachia anasimama kama amegota. Hakuwa mtu. Alikuwa alama inayosukumwa. Nikaona nimwongezee uzito: achukue fremu 20 kufikia kasi yake, na fremu 25 kusimama. Skrini inabadilika mara 60 kwa sekunde, kila badiliko ni fremu moja, kwa hiyo fremu 20 ni thuluthi ya sekunde. Ukisikia hivyo utasema ni kidogo. Mkononi si kidogo hata chembe.

Mpwa wangu alishika padi, kile kidude cha kuchezea, akaenda hatua mbili, akaparamia mkokoteni.

"Mjomba, huyu mtu wako hasikii."

"Hasikii vipi?"

"Yuwateleza. Nimemwambia asimame, yuwaenda tu."

Nikapunguza hadi fremu 10. "Afadhali, lakini yuwavuta miguu." Nikapunguza hadi 4 za kuondoka na 6 za kusimama, na uzito nikautoa mwilini nikaupeleka kwenye dele. Dele nimelifanya kama timazi ya fundi mwashi: mwili ukienda, lenyewe linabaki nyuma kidogo, kisha linafuata, kisha linapita, kisha linatulia. Likiinama kupita kiasi, kahawa inamwagika tone kwa tone. Miguu inatii mara moja. Kinachochelewa ni mzigo.

Alirudi kucheza. Akapita mkokoteni, akapinda kona kwa haraka, matone yakaruka. Akapiga kelele: "Aa! Nimemwaga!"

Nikamwambia rudia ulivyosema. Hakuelewa nataka nini, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Nusu saa nzima alikuwa akisema *hasikii, yuwateleza, yuwaenda*. Dele lilipoanza kubeba uzito badala ya miguu, akasema *nimemwaga*. Sikumfundisha wala sikumuuliza. Irabu moja na konsonanti moja mwanzoni mwa kitenzi zimeniambia nilichokuwa nakitafuta tangu mwaka jana. Mhusika anayeshikwa na mchezaji huishi baina ya *ni-* na *a-*, ambayo kwetu pwani mara nyingine husikika *yu-*, na lugha yetu haimruhusu mtu kuficha yuko upande gani, maana kitenzi hakitoki mdomoni bila mwenyewe kutajwa.

Nimenunua daftari jipya. Kila atakayecheza nitaandika vitenzi vyake.

24 Aprili

Nimekwenda kwenye kibanda kimoja cha gemu Majengo, pale vijana wanapolipa kwa mechi wakicheza mpira. Nimekaa saa mbili, sikucheza, nimesikiliza tu.

Mpira wa kwenye skrini una jambo la ajabu ambalo sikuwahi kulitafakari. Kijana anamwongoza mchezaji mmoja. Akitoa pasi, uongozi unahamia kwa aliyepokea. Na *ni-* yake inahama vilevile. "Nimekupita, nakupa, napiga, nimefunga!" Amekuwa watu wanne ndani ya sekunde sita na hakuna aliyeshtuka. *Ni-* inasafiri na mpira. Ila kipa akifungwa kizembe, hapo *ni-* hutoweka mara moja: "Huyu kipa hafai!" Kipa wa mpinzani akifungwa husikii hivyo. Unasikia "nimekufunga". Mtu huukimbia mwili unapomwaibisha.

Kurudi nimepita barazani ambako wazee hucheza bao kila jioni. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete hata moja iliyo mfalme au askari, zote ni sawa. Hakuna sura ya kuvaa kabisa. Na bado mzee kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu husema "nimelala". Hasemi mkono umelala wala kete zimelala.

Kwa hiyo *ni-* haihitaji uso. Haya yamenisumbua njia nzima, kwa sababu nimekaa wiki na rafiki yangu tukigombea pikseli tano za kofia. Lakini nimeshikilia kwamba kofia ina kazi yake. *Ni-* inakuja kwa vidole. Uso unahitajika pale utakapotaka mtu ajue huyo *ni-* ni nani mbele za watu wengine.

3 Mei

Leo nimemwonyesha mwenye kazi yake. Ni mzee ambaye nimenunua kahawa kwake tangu nikiwa mtoto, na ambaye mwendo wake nimeuiba bila kumwambia. Nilimwamkia, nikaketi, nikanywa vikombe viwili na kashata, kisha nikatoa simu.

"Shikamoo tena, mzee. Nimetengeneza mchezo wa muuza kahawa. Naomba uutazame uniambie kasoro."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Hakutaka kucheza. Alitaka mimi nicheze atazame. Alitazama kimya, uso karibu na kioo, mpaka nikafika mteja wa kwanza. Nikageuka kushoto, nikammiminia. Akasema, "Huyu hana adabu."

Nikamwuliza ana kosa gani. Akaniwekea dele lake mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. "Dele hushikwa kwa kushoto, kikombe kwa kulia, kwa kuwa mtu hupewa kwa mkono wa kulia. Huyu wako akenda huku, sawa. Akigeuka kule, yuwampa mtu kwa kushoto. Nani atakunywa?"

Alikuwa amegusa jambo linalojulikana na kila anayetengeneza gemu za picha bapa. Humchori mtu mara mbili. Unamchora akitazama kulia, na akigeuka kushoto unaipindua picha kama kiooni. Ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Lakini kioo hubadilisha mikono, na dele langu lilikuwa likihama mkono kila anapogeuka. Hata wakubwa limewapata. Link, shujaa wa gemu za Zelda, kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kushoto. Mwaka 2006 gemu yake ya Twilight Princess ilipopelekwa kwenye Wii, mashine ya gemu ambayo padi yake wengi huishika kwa mkono wa kulia, wenye kuitengeneza, Nintendo, waliipindua dunia nzima ya gemu hiyo, mashariki ikawa magharibi, ili upanga uwe mkono wa kulia.

Mimi sitaupindua Mji wa Kale. Ngome itabaki ilipo na bahari itabaki ilipo. Maana yake picha zote za kutazama kushoto zichorwe upya: hatua 8 za kutembea, 5 za kumimina, 4 za kugonga vikombe, 3 za kuruka mtaro. Fremu 20, yaani picha 20. Rafiki yangu aliposikia alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mzee kasema kweli. Nipe wiki."

Jambo la pili alilosema nusura nilisahau. Wakati naondoka aliniita: "Na bega. Kichochoroni mtu hupita kwa bega." Nikamtazama akiondoka. Kweli, mbele ya watu wawili alilitanguliza bega la kulia na dele likabaki nyuma ya mwili wake, limelindwa. Miaka yote nimeona na sijaona.

11 Mei

Fremu 20 zimekuja. Dele sasa liko kushoto siku zote. Bega nalo limeingia: ukikaribia mtu au ukuta mwembamba, mwili unageuka wenyewe na dele linajificha nyuma. Kitufe hakuna. Nilijaribu kuweka kitufe cha bega, mpwa wangu akasahau kukibonyeza kila mara, na kila mara akasema "hageuki". Mwili ukijua kufanya kile ambacho mwenye kazi hakifikirii, mchezaji hukichukua kuwa chake. "Nimejipenyeza," alisema, na hakuwa amebonyeza chochote.

Mitaro. Masika hii nimeiona vizuri sana mitaro ya mji wetu, nimeiweka ndani. Muuza kahawa anaruka kidogo tu, si Mario. Lakini hata mruko mdogo una deni lake. Wanaojaribu walikuwa wakibonyeza wakiwa wameshavuka ukingo kwa unywele, na miguu ikishaacha jiwe kompyuta inakataa. Wao wanaapa walibonyeza mapema. Hawaongopi: jicho na kidole havifiki pamoja.

Dawa yake ni ya zamani. Watengenezaji huiita wakati wa koyote, kwa yule mnyama wa katuni anayevuka ukingo wa jabali akabaki hewani mpaka atazame chini. Baada ya miguu kuacha ukingo, unamruhusu mtu aruke bado kwa muda mfupi sana. Waliotengeneza gemu ya Celeste ya mwaka 2018 waliuweka wazi msimbo wa mhusika wao, na humo muda huo ni sekunde 0.1, yaani fremu 6. Nimeweka 6. Malalamiko yameisha siku hiyo hiyo na hakuna aliyegundua nimefanya nini. Mimi nauita muda wa huruma.

20 Mei

Nimevunja nilichokijenga mwenyewe, na ni vizuri kiandikwe.

Nilitunga tukio la mwanzo. Muuza kahawa anaamka, anasali, anachoma mkaa, anakumbuka marehemu baba yake aliyemwachia dele. Dakika mbili, muziki wa udi, picha zimechorwa kwa mapenzi. Mchezaji anatazama tu. Nilipowaonyesha watu watatu, daftari lilijaa *a-*: ameamka, yuwasali, kumbe babake kafa. Kisha nikawapa padi, na *a-* ikaendelea. Mmoja alicheza robo saa nzima akisema "anamwaga, anachelewa", kwa mwendo ule ule uliomfanya mpwa wangu aseme *nimemwaga* mwezi uliopita. Nimemtambulisha mtu huyu kama wa kutazamwa, wakaendelea kumtazama.

Tukio nimeliondoa. Sasa gemu inaanza dele likiwa chini na mkaa haujashika. Wa kwanza kupuliza ni wewe.

Lakini hapo likaja swali ambalo nimekuwa nikilikwepa: aseme au asiseme? Wengi huchagua ukimya. Gordon Freeman wa gemu ya Half-Life, mwaka 1998, hasemi hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho, na hoja ni kwamba sauti yake ingeziba sauti ya anayecheza. Naiheshimu hoja hiyo. Mombasa haiwezekani. Muuza kahawa apite barazani, aambiwe "Asalaam aleikum", anyamaze? Watu watadhani kuna msiba au kuna ugomvi. Hapa ukimya ni tamko zito kuliko maneno.

Kwa hiyo anaitikia. Kuitikia ni kazi ya kitufe: salamu ikija, una sekunde mbili na nusu, ukibonyeza anajibu inavyompasa mteja huyo, na usipobonyeza baraza inanuna na kahawa unauza kwa tabu. Salamu ya mkubwa anaianza yeye, ya mdogo anaipokea. Maneno sikumpa mchezaji ayachague kwenye orodha. Adabu haichaguliwi kwenye orodha, ama unayo ama huna.

Na jina nimelifuta. Lilikuwa jina zuri na nililipenda. Nikagundua hakuna anayelitumia. Bibi wa dirisha la kijani humwita "mwanangu", kwa hiyo si mzee. Watoto wa mpira humwita "Ami", kwa hiyo si kijana. Fundi seremala humwita "yakhe", hao wamekua pamoja. Na kuna mama mmoja karibu na Ngome ambaye humwita "shemeji", na hiyo hadithi nzima ya ndoa imeingia kwa neno moja, bila tukio la dakika mbili. Mchezaji anajijua yeye ni nani kwa jinsi anavyoitwa. Mimi mwenyewe nimejijua hivyo maisha yangu yote.

28 Mei

Dokezo fupi la tafsiri. Rafiki aliye Ulaya amejitolea kuyaweka maneno ya gemu kwa Kiingereza, na swali lake la kwanza lilikuwa iwapo mteja namba 7 ni mwanamume au mwanamke. Sikuwa nimeamua, kwa kuwa *a-* yetu haiulizi. Nikakumbuka gemu ya Metroid ya mwaka 1986: mhusika wake, Samus, amevaa deraya mwili mzima, na ukimaliza upesi vya kutosha unafunuliwa kwamba ni mwanamke. Kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilikuwa kimemwita mwanamume. Kingeandikwa kwa Kiswahili, siri ingekaa pale pale mbele ya macho bila mtu kudanganywa. Nimemjibu namba 7 ni mwanamke, anauza mabuyu.

7 Juni

Nimekusanya wajaribu sita nyumbani, wa umri mbalimbali, kila mmoja kwa zamu yake ili wasiambukizane maneno. Nimeandika vitenzi mpaka mkono umeuma. Watano waliingia *ni-* kabla ya mtaro wa kwanza. Wa sita alibaki *a-* mpaka mwisho na akasema amefurahi sana, ameona kama anatazama mtu wa mtaani kwao. Hilo nalo nimelipokea. Si kila mtu hupenda kuvaa nguo ya mwingine, na gemu haikumfukuza.

*A-* ilirudi kwa wote mahali pamoja: pale pikipiki inapotokea kona ya Ndia Kuu. Inakuja kasi mno, hakuna pa kukwepea, dele linagongwa. "Amegongwa," wote sita. Hilo ni kosa langu la ramani. Nimeongeza honi, inasikika sekunde moja na nusu kabla.

Kisha mamangu akataka kujaribu. Hajawahi kushika gemu maishani. Nilimpa simu, nikamwonyesha kidole cha kushoto hufanya nini na cha kulia hufanya nini, nikafungua daftari lenye safu mbili kama kawaida.

Alianza taratibu. Alipofika kona ya kwanza akasema, "Haya, twende mwanangu. Polepole." Nikadhani ananiambia mimi. Alikuwa akimwambia muuza kahawa. Akavuka mtaro: "Tumevuka." Akamwaga kidogo: "Tumemwaga, si neno, yaliyobaki yatosha." Salamu zote aliziitikia kwa mdomo wake kabla hajabonyeza kitufe, na mbili zikampita kwa sababu hiyo. Dakika 40 alicheza, adhana ya isha ikamkuta, akaniachia simu akaenda zake kutawadha.

Sikuwa na safu ya *tu-*. Nimepiga mstari nimeiongeza. Na zile salamu mbili: nimeongeza muda wa kuitikia uwe sekunde nne, kwa sababu mtu anayesema kwa mdomo wake kabla ya kubonyeza hastahili kunyimwa mteja.

10 Juni

Sauti ya vikombe. Hii ndiyo inayomtangaza muuza kahawa kabla hajaonekana, na ndiyo silaha yake pekee: ukigonga, walio ndani ya nyumba hutoka. Kwenye kompyuta ilikuwa sawa. Kwenye simu ya bei ya chini, ambayo ndiyo simu ya wengi watakaocheza, sauti inachelewa. Nimeipiga picha kwa simu nyingine na kuhesabu fremu: inafika kama 9 baada ya kidole kugusa kioo. Mpwa wangu aligonga mara tatu, akasema, "Yuwagonga baadaye."

*Yu-*. Baada ya yote haya.

Sauti siwezi kuiharakisha, simu ndiyo hiyo. Nilichokifanya ni kuuvuta mkono. Kidole kikigusa, mkono wa kulia unaanza kuinuka papo hapo, fremu ya kwanza kabisa, lakini vikombe havikutani mpaka fremu ya 9, na hapo ndipo sauti inapofika. Kidole kimetiiwa mara moja, na mlio umekuja wakati ambao vikombe halisi vingelia, maana hata mkono wa mtu wa kweli huchukua muda kuinuka. Mpwa wangu amejaribu tena. "Nimewaita," alisema, na dirisha la kijani likafunguka.

Mlio wenyewe bado ni wa kuazima, nimeutengeneza kwa glasi mbili za jikoni, na kila ninaposikia najua ni glasi. Leo nimemwendea yule mzee kuomba nirekodi vikombe vyake. Amekubali. Kesho, lakini ameniambia nije mapema, kabla hajawasha mkaa na mbali na nyumba za watu, kule chini karibu na maji. Akigonga hapa juu watu watatoka, na hataki kumtoa mtu nyumbani kwake na kahawa haijaiva.